Makombe Mawili ya Marsa Lozi

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani ya majini na masultani, nasema zamani ya juzijuzi yenye simu na friji, palikuwa na kisiwa kidogo huko Tunisia, kwenye bahari ya Mediterania, kikiitwa Marsa Lozi. Kisiwani palikuwa na kituo cha utafiti wa bahari, na kituoni palikuwa na wanawake wawili, mashoga wa kufa na kuzikana. Mmoja Munjia, mmoja Dalenda. Walisoma chuo kimoja, wakalala chumba kimoja, wakaazimana viatu, wakaajiriwa siku moja kuyachunguza makombe, jamii ya chaza, katika ghuba ya kisiwa kile.

Kombe lenyewe si hili mnalochemsha mkala na ndimu. Hili ni refu la kumfika mtu kiunoni. Husimama wima mchangani kati ya nyasi za baharini, likafungua mdomo kunywa maji, likaishi miaka mingi kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Tena si dume wala si jike, ni vyote viwili, lakini halizai peke yake. Lazima liwe na mwenzake karibu, maji yapate joto, moja litoe mayai na la pili litoe mbegu. Shikeni hapo, nisije nikaulizwa mbele ya safari.

Basi ukaingia ugonjwa. Kimelea kisichoonekana kwa macho kikayaua makombe pwani baada ya pwani, mpaka kikafika Marsa Lozi. Munjia ndiye aliyeliona la kwanza kufa. Alitoka majini, akamweleza shoga yake walipokuwa wakinywa kahawa. Dalenda akasikitika, akamshika mkono, akaenda zake. Haukupita muda, Munjia akawasha televisheni, akamwona Dalenda kavaa koti zuri, anawaeleza waandishi wa habari ugonjwa aliougundua. Munjia hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Hapo donge likamkaa Munjia rohoni. Hakugomba wala hakununa. Asubuhi alimpa Dalenda salamu, saa nne akammiminia kahawa. Lakini Dalenda akicheka na wageni, Munjia roho inamuuma. Dalenda akisifiwa mkutanoni, Munjia anajifanya anatafuta kalamu. Dalenda akivaa kitambaa kipya kichwani, hata hicho Munjia anakiona kimenunuliwa ili kumkera. Alikuwa anaona gere, mchana kutwa, na anaijua, na haachi.

Makombe yakafa yote, au ndivyo kila mtu alivyodhani. Asubuhi moja Munjia akazamia peke yake kwenye kona ya ghuba, karibu na gati la kale lililobomoka. Kuzamia peke yako kituoni ilikuwa marufuku, lakini alishachoka kuwa na mwenzi. Huko chini, kati ya magamba matupu, kivuli chake kikapita juu ya kombe moja, nalo likafunga mdomo. Akarudi nyuma, likafungua. Akapita tena, likafunga. Lilikuwa hai. Munjia alilia mpaka miwani ya kuzamia ikajaa maji.

Mwenye boti alikuwa Ami Bashiri, mzee aliyewapeleka wote wawili baharini tangu walipofika kituoni. Akamwona Munjia anapanda huku anatabasamu peke yake.

"Umeona nini huko, mwanangu?"

"Ami Bashiri, leo hukuona kitu."

"Sikuona kitu."

"Dalenda asijue. Watu wote sawa, lakini yeye hasa asijue."

"Mdomo wangu nimeushona," akasema Ami Bashiri, na moyoni akafurahi kupewa siri.

Sasa pale kituoni kulikuwa na utaratibu. Penye kiumbe adimu hufungwa boya, dumu jeupe la plastiki, na maana yake kila mwenye chombo anaijua: hapa chini pana kitu, tia nanga mbali. Munjia akafunga boya. Ila hakulifunga juu ya kombe. Alilipeleka ng'ambo ya pili ya gati, penye mchanga mtupu, ili Dalenda akimnusa na kumfuata azamie, aone mchanga, arudi na mchanga. Alicheka alipokuwa anakaza fundo.

Haya. Tumwache Munjia na fundo lake, maana kuna jambo hakulijua.

Dalenda naye alikuwa na lake. Makombe yalipoanza kufa, aling'oa moja kabla ugonjwa haujalifikia, akalilaza ndani ya beseni kubwa, akalificha katika stoo ya nyuma ya kituo, kwenye tangi la kioo lenye pampu ya hewa, akalifunika turubai. Waliouliza aliwaambia tangi bovu, linavuja. Na beseni lile alilibeba nani? Ami Bashiri.

"Ami Bashiri, leo hukubeba kitu."

"Sikubeba kitu, mwanangu."

"Munjia asijue. Watu wote sawa, lakini yeye hasa asijue."

"Mdomo wangu nimeushona."

Mtauliza Dalenda ana kijicho cha nini, mtu wa televisheni. Anacho. Wageni walimpiga picha yeye, kisha wakamnong'oneza, "Na Munjia anasemaje?" Bahari ile ilimpenda Munjia. Alizamia mara moja akaona ambacho Dalenda angekitafuta msimu mzima. Mwenye koti zuri alikuwa anaugua palepale alipokuwa anaugua mwenziwe.

Ami Bashiri ndiye peke yake aliyejua kwamba makombe yako mawili, na kwamba moja bila jingine ni kazi bure. Neno lake moja lingetosha. Lakini binti zake walikuwa wameolewa mbali, simu hawapigi, na hawa wawili walikuwa wakimletea mkate wa moto, kila mmoja kwa wakati wake, wakikaa naye kwenye boti kumchimba habari za mwenzie. Wakipatana, nani atamletea mkate? Akajitia hamnazo.

Maji yakaanza kupata joto. Munjia akawa anakwenda kila alfajiri kulitazama kombe lake, anarudi anaimba korido nzima. Dalenda akausikia ule wimbo, akaliona lile boya jipya, akajua. Shoga yake amepata kombe. Wivu ukampanda hadi chakula kikamshinda. Mwisho, asubuhi moja, akalitoa kombe lake tangini, akalitia ndani ya beseni, akachukua kiboti cha kituo, akaondoka nalo kimya kimya, akalipande kando ya lile la Munjia. Alikuwa anapeleka zawadi au anakwenda kudai nusu? Hata yeye alipoulizwa baadaye hakuweza kujibu.

Asubuhi hiyo Munjia na Ami Bashiri walikuwa ndiyo kwanza wanafika kwenye gati kwa miguu. Wakakiona kiboti. Dalenda alikuwa ameliona boya, na kwa kuwa ni mtu mwangalifu, akalikwepa. Akaenda mbali nalo, ng'ambo ya pili, akazima mashine. Akasimama na nanga mkononi juu kabisa ya kombe la Munjia.

Aliwaona, akaona haya, akajikaza.

"Munjia," akaita, "hapa chini hapana kitu, sivyo?"

Munjia akapiga hesabu. Akisema pana kitu, Dalenda atazamia, atalishika, jioni atakuwa kwenye televisheni. Akinyamaza, nanga moja na bahari yote ile, huenda ikakosa. Akamtazama Ami Bashiri. Ami Bashiri akatazama viatu vyake.

"Boya si unaliona lilipo," akasema Munjia.

Dalenda alikuwa na miwani shingoni. Sheria ya kituo ni kutazama chini kwanza ndipo utie nanga. Lakini alishafumaniwa, alitaka mambo yaishe upesi. Akaiachia.

Munjia aliruka majini na nguo zake zote. Alipoibuka alikuwa na nusu ya gamba mkononi, na nyama yake inaning'inia. Dalenda akaona, akaelewa, akakaa chini. Kisha akafunua kitambaa kilichokuwa juu ya beseni.

"Nilikuwa nimekuletea langu," akasema.

Jioni ile mkuu wa kituo, Bi Radhia, mwanamke asiyepandisha sauti, akawaita watatu hao stoo. Kombe la Dalenda lilikuwa limerudishwa tangini. Lakini kabla hawajafika wenzake, Munjia alifika wa kwanza, akawa peke yake nalo. Pampu inanguruma, vipovu vinapanda, kombe limefungua mdomo limetulia. Munjia akalitazama, na sitawaficha alichohisi: lilimchoma roho. Kwa nini life langu, liishi lake? Mkono wake ukaenda mpaka kwenye swichi ya pampu. Kidole kikaigusa. Kikakaa pale. Kisha akasikia mlango, akaurudisha mkono mfukoni.

Bi Radhia akaweka ufunguo wa stoo juu ya meza.

"Limebaki moja," akasema. "Huenda pwani nyingine likapatikana la pili, tukayaweka pamoja. Huenda lisipatikane. Mpaka hapo litatunzwa na mtu mmoja mwenye ufunguo mmoja. Wawili wengine kesho wanapanda meli, na ghuba hii hawataizamia tena. Semeni."

Dalenda akasema, "Lisingekuwa hai bila mimi. Mimi niliing'oa roho yake kwenye kinywa cha ugonjwa, nikalilisha, nikalibadilishia maji kwa mikono yangu. Na mimi ndiye niliyelipeleka kwa mwenzake. Nililikwepa boya kama inavyotakiwa. Niliuliza, Bi Radhia. Mbele yao wote wawili niliuliza, nikajibiwa. Nipewe mimi."

Munjia akasema, "Aliuliza siku moja, baada ya kuficha mwaka mzima. Miwani ilikuwa shingoni mwake, hakutazama. Lile langu lilikuwa baharini, limeushinda ugonjwa lenyewe bila tangi wala pampu, nami ndiye niliyeliona pale ambapo wote walishakata tamaa. Angeniambia analo, ningelipeleka langu kwa lake."

"Ungelipeleka?" akauliza Bi Radhia.

Munjia akautazama ufunguo mezani.

Ami Bashiri akavua kofia. "Mimi niliyajua yote mawili. Niliambiwa nisiseme, nikaahidi, na ahadi nimeitimiza. Kama kutimiza ahadi ni kosa, nimekosa. Lakini mtazame, Bi Radhia. Huyu anasema langu, na huyu anasema langu. Mimi sikuwahi kusema langu hata siku moja. Na hawa wote wawili, waliposhindwa kuaminiana, waliniamini mimi. Nipewe mimi nilitunze."

"Na pale gatini," akasema Bi Radhia, "nani alikuwa amekuambia unyamaze?"

Ami Bashiri akavaa kofia yake.

Pampu ikanguruma. Ndipo Munjia akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

"Bi Radhia, mlipokuwa njiani niliweka kidole kwenye swichi hii. Nilitaka kuizima. Nilitaka langu na lake yawe sawa. Sikuizima. Sijui kama ni mimi niliyeacha au ni mlango uliolia. Na tangu pale nalitazama, na sitaki life. Ni lake, na sitaki life. Nimeona nikuambie kabla hujatoa ufunguo."

"Umesikia, Bi Radhia?" akasema Dalenda. "Umesikia mwenyewe, hakuna atakayesema kwamba nimemsingizia."

"Hata mimi nimesikia," akasema Ami Bashiri. "Ila ndiye peke yake aliyesema kitu leo bila kubanwa."

Bi Radhia akauchukua ufunguo. Dalenda akasogea tangini, kivuli chake kikalipitia kombe, likafunga mdomo. Likafungua. Ami Bashiri akasogea, likafunga. Likafungua. Munjia akasogea, likafunga vilevile.

Na mimi, jamaa zangu, naishia hapo hapo, ufunguo ukiwa bado mkononi mwa Bi Radhia. Yupo aliyeliokoa la kwake na kuliponda la mwenziwe. Yupo aliyeweza kusema kwa wakati na hakusema. Yupo aliyedanganya kwa boya, akadanganya kwa mdomo, akagusa swichi, kisha akajishitaki mwenyewe. Meli inaondoka kesho. Msiniangalie mimi, tazameni tangi. Je, mngempa nani ufunguo, mkalala usingizi?