Shibiri ya Mfalme

Mwaka mmoja mvua ilisahau njia ya bara. Walioushuhudia mwaka huo wameshakufa, na sisi tuliosimuliwa tuna ruhusa ya kuongeza chumvi kidogo. Chumvi haina shida, maana kisa chenyewe ni cha pwani.

Nyasi zilikwisha, mito ikabaki mchanga mtupu, na wanyama wote, walao nyama na walao majani, wakateremka mpaka kwenye ghuba moja iliyokuwa na kisima cha maji baridi na majani machache pembeni yake. Simba, ambaye ni mfalme na hasahau kuwakumbusha wenzake, akatoa tamko. Muda wote wa ukame hakuna kuwindana. Walao nyama watavua samaki, kila mmoja kwa mshipi mmoja na ndoana moja, wa kitoweo cha siku tu. Bahari ikiishiwa samaki, mkataba nao umekwisha. Hilo la mwisho alilisema polepole, akiwatazama walao majani mmoja baada ya mwingine.

Sungura hakuwa amekula samaki tangu azaliwe, lakini maneno hayo aliyaelewa haraka kuliko wote. Kila samaki aliyebaki baharini ni siku nyingine ambayo yeye Sungura hatawekwa chunguni. Tangu hapo aliwapenda samaki mapenzi ya dhati. Akajitafutia mshipi, akawa anavua, anawatazama, anawarudisha majini. Wenzake walidhani jua limempanda kichwani. Yeye hakujali, na kusema kweli ule mvuto wa samaki kwenye mshipi ulikuwa umeanza kumnogea.

Ni Sungura huyo huyo aliyemwendea Simba na kumweleza kwamba samaki mchanga hajazaa bado, na anayemla amekula na watoto ambao wangezaliwa. Simba akakubali. Akatangaza kuwa samaki yeyote asiyefika shibiri arudishwe baharini angali hai, akue kwanza.

"Shibiri ya nani, Bwana Mkubwa?" Sungura akauliza.

Simba akashangaa kusikia kwamba kuna shibiri nyingine duniani zaidi ya yake.

Lakini mfalme hawezi kukaa ufukweni kutwa nzima akipima changu na tasi, kwa hiyo ikabidi shibiri yake itengenezewe kipimo. Bahari ilikuwa imetupa ubavu wa nyangumi pwani, mfupa mweupe, mgumu ajabu. Simba akatandaza kiganja juu yake, kucha hadi kucha, ikatiwa alama. Swali likabaki ni nani mwenye meno ya kuukata. Wote wakamgeukia Fisi, naye kwa unyenyekevu mkubwa akaukata pale pale kwenye alama. Simba akazisifu alama za meno yake kwenye ncha ya mfupa, akasema ni kazi safi. Sifa zikampanda Fisi kichwani, akaomba naye achangie sheria: atakayekutwa na samaki mfupi, hata mmoja, anyang'anywe ndoana mpaka mvua inyeshe. Watu wakasema kumbe Fisi amebadilika.

Kobe akateuliwa kuwa mpimaji. Kobe ni mwaminifu, na hilo hakuna anayelipinga. Kila aliyetoka majini alipita kwake, samaki akalazwa kando ya mfupa, Kobe akatamka "Amefika" au "Hajafika," na hakuwa na neno la tatu. Aliyebisha aliambiwa kuwa mfupa hauongopi.

Mambo yakaenda vizuri kwa muda. Simba alikula, chui alikula, paa walilala usingizi. Fisi naye alikula. Sheria ilisema kitoweo cha siku, lakini kitoweo cha siku cha Fisi ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona mwisho wake.

Asubuhi moja Sungura alivua changu mwenye pengo mkiani, kama mtu aliyeng'oka jino la mbele. Akampenda. Kwa kujifurahisha tu alimlaza kwenye sikio lake: kichwa kikiwa shinani mwa sikio, mkia ulifika penye doa jeusi lililo karibu na ncha. Akampeleka kwa Kobe, Kobe akasema hajafika, amebakiza kidogo. Sungura akamrudisha majini, akamwombea heri.

Haukupita muda akamnasa tena yule yule mwenye pengo. Safari hii Kobe alimlaza kando ya mfupa, mkia ukapita ncha.

"Amefika," Kobe akasema. "Hongera. Amekua."

Sungura akaenda nyuma ya jabali na samaki wake, akamlaza kwenye sikio. Mkia ukafika penye doa jeusi, pale pale pa zamani. Akakaa akawaza. Ama sikio limerefuka, ama mfupa umefupika. Akalipapasa sikio, akaona ni lile lile. Akamrudisha changu majini haraka.

Kuanzia hapo alianza kuona alichokuwa hakioni. Samaki waliokuwa wakipita kwa Kobe walikuwa wadogo kuliko wa mwanzo, na kila walivyozidi kuwa wadogo ndivyo mishipi ilivyozidi kurudi mitupu. Hata sahani ya Simba ilikuwa imepungua. Mfalme alishaanza kula polepole, kisha kunyanyua macho na kuwatazama paa wakinywa maji. Paa nao wakaanza kunywa kwa zamu.

Kobe alikuwa na desturi ya kupumzika jua likiwa utosini. Akipumzika huingia ndani kabisa, na nyumba yake ina mlango lakini haina dirisha. Siku hiyo Sungura alijibanza kwenye kichaka cha mkoko akangoja. Kobe alipovuta kichwa ndani, Fisi akaja kwa mwendo wake wa kuchechemea, akatazama huku na huku, akaketi, akauchukua mfupa wa Mfalme akaanza kuutafuna ncha, taratibu, macho ameyafumba kwa raha. Alitafuna kidogo tu, kisha akaurudisha mahali pake.

Sungura akajitokeza. "Mjomba Fisi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Fisi hakushtuka sana. "Nausafisha mfupa wa watu. Umejaa shombo."

"Umefupika, mjomba."

"Umekaushwa na jua. Mifupa ndivyo ilivyo." Akajilamba. "Na ukienda kusema nimeula, utaonyesha nini? Alama za meno yangu ziko pale tangu siku ya kwanza. Mfalme mwenyewe alizisifu."

Sungura akamwambia kwamba kwa mwendo huo samaki watakwisha, wazazi hawapo na watoto hawajakua. Fisi akamtazama kuanzia masikioni, akashuka taratibu mpaka mapajani, akakaa hapo kidogo.

"Wakiisha na waishe," akasema. "Sisi hatutalala njaa, mwanangu. Samaki ni kitoweo cha kusogezea siku tu."

Akaondoka zake. Sungura alibaki pale akiutazama mfupa. Alijua Fisi amesema kweli. Akishtaki, litakuwa neno lake dhidi ya la Fisi, na kesi ya mla majani mbele ya mla nyama haijawahi kwenda mbali. Zaidi ya hayo, kumwambia Simba kuwa mtu ameila shibiri yake ni kumwambia kwamba amefanywa mjinga mbele ya watu, na Simba akiambiwa hivyo humla kwanza aliyemwambia. Sungura alilifikiria jambo hilo jua likazama, likachomoza.

Siku hiyo Simba akaita baraza pale pale ufukweni, watu wakiwa ndio wanatoka kuvua. Fisi alikuja na mtungo wa changu wadogo shingoni, wote wamepita kwa Kobe. Simba alikuwa na samaki mmoja mbele yake, mwembamba kama jani la mnazi.

Alisema kwa kifupi kwamba bahari imechoka. Ikiendelea hivi, kesho watarudi kwenye mila zao. Paa wote walilielewa neno mila, na mmoja wao akaanza kulia kimyakimya.

Sungura akaomba ruhusa ya kusema. Akasema kabla hawajarudi kwenye mila, angependa Mfalme auheshimu mfupa kwa kuuwekea kiganja kama siku ile, ili walio wadogo wapate baraka za kuondokea. Simba huwa hakatai heshima. Mfupa ukaletwa, akauwekea kiganja. Kiganja kikafunika mfupa wote na kumwagika pande mbili.

Kobe alitoa kichwa nje zaidi ya kawaida yake.

"Bwana Mkubwa," Sungura akasema, "mimi akili yangu ndogo. Mjomba Fisi ndiye fundi aliyeukata, yeye atatufahamisha. Siku ile mfupa na kiganja vilikuwa sawa. Leo si sawa. Ama mfupa umeliwa na mtu, ama..."

Hakumalizia. Simba akamgeukia Fisi. Fisi akayaona yale macho, akacheka kama anavyocheka anapoogopa, na mdomo ukamtangulia.

"Ama Bwana Mkubwa amekua."

"Nimekua?" Simba akauliza.

"Umekua, Bwana. Sisi tunaokuona kila siku tumeliona siku nyingi, tukaogopa tu kukusifu usoni. Mfupa ni ule ule, meno yangu hayo hapo. Kiganja ndicho kilichoongezeka."

Simba akakinyanyua kiganja chake, akakitazama juu, akakigeuza, akakitazama chini.

"Nilihisi," akasema.

Wote wakampongeza. Sungura alipongeza kuliko wote, kisha akakohoa kidogo. Akasema hizi ni habari njema kwa nchi nzima, kwa sababu tamko la Mfalme halikutaja mfupa, lilitaja shibiri ya Mfalme. Mfalme akikua, sheria inakua naye. Kilichobaki ni kuipima upya. Na ili kutomchosha mjomba Fisi meno, safari hii wachonge alama mbili kwenye jabali, maana jabali halina shombo la kusafishwa.

Simba akaona hilo ni jambo la haki. Akaenda kwenye jabali, akatandaza kiganja kwa nguvu zake zote, kama mtu aliyeambiwa amekua na anataka ionekane, kucha zikanyooka mpaka zikalia kwenye jiwe. Alama zikachongwa. Ilikuwa shibiri kubwa kupita hata ile ya kwanza.

"Sasa pima waliopo," Simba akamwambia Kobe.

Kobe akapima. Waliokuwa na samaki walio hai ndani ya makuti yaliyoloweshwa maji wakawarudisha baharini wenyewe, upesi, kabla hawajafikiwa. Kobe akafika kwa Fisi. Akautwaa mtungo, akamlaza wa kwanza jabalini, akasema hajafika. Wa pili hajafika. Akaendelea mpaka mwisho wa mtungo bila kubadilisha sauti.

Fisi akasema alipowavua mfupa uliwapitisha.

"Mfupa upi?" Simba akauliza. "Ule mdogo?"

Fisi akafumbua mdomo. Ili ajiokoe ilimbidi aseme mfupa ulikuwa mkubwa zamani, na kiganja cha Mfalme hakijakua hata kidogo. Akakitazama kile kiganja, nacho kilikuwa bado kimetandazwa, kucha nje. Akafumba mdomo. Kobe akamkumbusha kwa upole ile sheria ya ndoana, na kwamba aliyeitunga ni yeye mwenyewe.

Akaitoa ndoana. Kwa kuwa mfupa haukuwa na kazi tena, Simba akaamuru apewe yeye aliyeukata, awe na cha kutafuna mpaka mvua inyeshe.

Samaki hawakurudi kwa siku moja, na kulikuwa na jioni za sahani nyepesi na paa kukosa usingizi. Lakini wadogo walirudishwa, wakakua, wakazaa, na ghuba ikaanza kuchemka tena wakati wa maji kujaa. Siku moja Sungura alimnasa changu mwenye pengo mkiani. Alimlaza sikioni, mkia ukapita doa jeusi, ukapita ncha ya sikio, ukabaki unaning'inia hewani. Sungura alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Angeweza kumpeleka jabalini apokee pongezi, lakini alimbusu kipara chake akamwacha aende.

Kisha mawingu yakakusanyika upande wa bara. Sungura hakungoja tone la kwanza. Alimuaga Kobe peke yake, akamwachia salamu za kumpa mjomba Fisi, akashika njia. Alipofika mbali ndipo wengine wakakumbuka kwamba mkataba ni wa ukame tu.

Fisi akaja kwa Kobe mvua ikimnyeshea, amekonda, kipande cha mfupa mdomoni, akauliza yule mwenye masikio ameacha ujumbe gani.

"Amesema njia ya mwongo ni fupi," Kobe akajibu.

Fisi akautoa mfupa mdomoni. "Fupi kiasi gani?"

Kobe akautazama ule mfupa. "Kipimo unacho mkononi," akasema, akavuta kichwa ndani.