Mstari Mmoja wa Nakunda

Wapendwa, somo tulilosoma nitalirudia Jumapili ijayo. Kwanza nina habari ya katibu mmoja. Imenikaa kifuani tangu Jumanne, na nisipoitoa leo itanisumbua wiki nyingine nzima.

Ila niulize jambo. Nani hapa alilipenda somo la Historia shuleni? Mikono juu. Wawili. Watatu, na baba yetu wa kwaya ameinua nusu mkono, sijui alilipenda au anajikuna. Haya, wengine wote mlikuwa kama mimi. Mwalimu anaandika tarehe ubaoni, sisi tunasubiri kengele. Huyo katibu naye alikuwa wa kundi letu.

Alikuwa mama wa makamo, fundi cherehani, katika usharika mmoja wa milimani. Siutaji, na msianze kukisia. Watu walimwita Mama Katibu. Kazi ya ukatibu aliifanya kwa bidii: matangazo, barua, na kila mwaka ile risala ya Siku ya Usharika. Mnazijua risala zetu. Tunaanza kwa kumshukuru mgeni rasmi, inafuata Historia Fupi, halafu yanakuja maombi ya mabati. Na hiyo Historia Fupi huwa tunaiandikaje? Tuseme kweli, tuko nyumbani mwa Bwana. Unachukua risala ya mwaka jana, unabadilisha mwaka, unachapa. Mama Katibu alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Maneno yale aliyajua kwa kichwa, na hakuwahi kujiuliza yalitoka wapi.

Basi baraza la wazee likaamua kujenga ukumbi. Mahali palipofaa palikuwa kona ya mashariki ya kiwanja cha kanisa, na pale konani palikuwa na nyumba ya udongo ya bibi mmoja wa miaka themanini na ushee, aliyeishi peke yake na kuku wake. Mwenyekiti wa baraza akamwita Mama Katibu.

"Mwandikie bibi barua. Apishe ndani ya siku thelathini, tutazungumza na jamaa zake wampokee."

"Akiuliza sababu, mzee?"

"Kiwanja chote ni cha usharika. Ambatanisha risala, humo imeelezwa."

Na kweli ilielezwa. Risala ilisema usharika ulipata kiwanja kabla ya uhuru, waumini wakajitolea, kanisa likajengwa. Basi. Mama Katibu akaandika barua, akaambatanisha risala, akazipeleka kwa mkono wake mwenyewe.

Alimkuta bibi mlangoni anachambua maharage. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Macho ya bibi yalikuwa yamechoka, kwa hiyo akaomba asomewe. Akasomewa barua. Akasomewa na risala. Hakupiga kelele, hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Hiyo risala ni ya mwaka gani?"

"Ya mwaka jana, bibi."

"Ya mwaka jana," bibi akasema. "Basi sawa." Akarudi kwenye maharage yake.

Sasa niambieni, hiyo "basi sawa" ina nini ndani yake? Kwa nini mtu asirudi nyumbani akaendelea na shughuli zake? Mama Katibu alirudi, akakaa kwenye cherehani, akashona mkono wa gauni ndani nje. Akaufumua. Akaushona tena, ndani nje tena. Risala ni risala, alijiambia, mwaka una tofauti gani? Akainuka, akafagia ua uliokwisha kufagiwa asubuhi. Mwishowe akachukua ufunguo wa ofisi ya usharika akaenda.

Kila usharika una lile kabati. Juu vitabu vya nyimbo vilivyochanika, chini mafaili ambayo hakuna anayeyagusa isipokuwa mende. Akalifungua, akapiga chafya mara tatu, akatoa risala zote, za miaka arobaini. Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu halafu arudi kwenye gauni la watu. Lakini yule mama aliyesinzia darasani akaanza kusoma, na akashindwa kuacha.

Alisoma kwamba mabenchi ya kwanza yalikuwa magogo, na kwaya iligoma mwezi mzima kwa sababu ya siafu. Alisoma kwamba kengele ilipandishwa mlimani na watu sita, wakaiangusha, wakanuniana hata kwenye Meza ya Bwana. Katika wale sita akakuta jina la baba mkwe wake, ambaye yeye alimfahamu kama mzee wa kuota jua na kulalamikia chumvi kwenye mboga. Yule mzee alikuwa na miaka ishirini na mbili, kengele begani. Mama Katibu aliwahi kumpikia miaka saba na hakumuuliza hata swali moja. Akajisikia vibaya. Akataka kujua zaidi, na hakukuwa tena na wa kumuuliza.

Katika risala za zamani, zile za mashine ya kupiga chapa, akaukuta mstari ambao hakuufahamu. Mimi watu wa habari hii siwataji majina, ila huyu nitamtaja. Uliandikwa hivi: "Kiwanja kilitolewa na mjane Nakunda kutoka katika shamba lake la pekee, kwa makubaliano kwamba yeye na uzao wake watakaa kona ya mashariki maisha yao yote."

Nakunda ni nani? Ni mama yake yule bibi wa maharage.

Mama Katibu alisimama katikati ya ofisi, hasira zikampanda. Kumbe kuna mtu ameufuta mstari huu. Kuna mtu amekaa akapanga kumnyang'anya mjane. Akazitandaza risala sakafuni mwaka kwa mwaka, akawa anatembea juu yake kwa magoti. Mwaka huu Nakunda yupo. Unaofuata, yupo. Unaofuata, yupo. Moyoni alikuwa amekwisha kuapa kwamba mtu huyo akipatikana, hata awe mchungaji mstaafu, atasimamishwa mbele ya baraza. Mwaka huu yupo. Mwaka huu hayupo.

Akatazama chini ya ukurasa kuona nani alitia sahihi.

Mnyamaze kidogo. Mnajua aliona sahihi ya nani.

Ilikuwa risala yake ya kwanza. Mgeni rasmi alikuwa na ratiba ngumu, wasaidizi wake wakapiga simu kwamba risala isizidi ukurasa mmoja. Ya kwake ilizidi kwa mistari miwili. Mkiwa na mistari miwili ya kutoa, mtatoa ipi? Alitoa shukrani kwa kwaya, akatoa na Nakunda. Mwaka uliofuata shukrani kwa kwaya zilirudi, maana kwaya walilalamika, na kwaya zetu mnazijua. Nakunda hakuwa na wa kumsemea.

Alikwenda kwa bibi karibu anakimbia, karatasi mkononi. Akapiga magoti pale mlangoni.

"Bibi, ulijua?"

"Mimi huwa nakaa benchi la nyuma nasikiliza," bibi akasema. "Mwaka ule mama hakusomwa. Nikasema ni katibu mpya, ameruka mstari. Mwaka wa pili nikasema labda mwakani. Baadaye nikaacha kusikiliza, nikawa nangoja wimbo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nisimame kanisani niseme mtajeni mama yangu?" Bibi akamtazama. "Na wewe ulimtoa kwa nini?"

"Karatasi haikutosha, bibi."

Bibi akaipapasa ile karatasi. Halafu akasema, "Alikuwa na mstari mmoja tu."

Mama Katibu akapeleka faili kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Akasema yale ambayo sisi wazee wa kanisa tunayaweza sana: "Jambo hili tuliweke kwanza, mpaka sherehe ipite." Mama Katibu hakuliweka. Siku ya Usharika alisimama mbele ya mgeni rasmi na risala ya kurasa mbili, akausoma mstari wa Nakunda, akasema na jina la aliyeufuta. Watu wote waligeuka kutazama benchi la nyuma. Wiki iliyofuata barua ikafutwa, ukumbi ukahamishiwa upande wa magharibi.

Naona mnashusha pumzi. Msizishushe, kwa sababu mimi sijatulia.

Baraza zima lilikwenda kwa bibi kuomba radhi. Wakaimba, wakaomba, wakakaa. Bibi akasema, "Kwa nyumba nashukuru. Lakini mama hakutoa shamba peke yake. Walikuwa wajane watatu wenye mashamba yaliyopakana. Wale wawili hawajawahi kuandikwa hata kwenye risala ya kwanza. Nina miaka themanini na mbili, nyie mmepita hapa mlangoni kwangu kila Jumapili. Mlitaka kuniuliza lini?"

Mama Katibu akatoa kalamu. "Tuambie sasa, bibi. Walikuwa akina nani?"

Bibi akalitaja jina la wa pili, akataja na ukoo wake. Wa tatu akamkwama. Alikumbuka kwamba alikuwa na mwanya, kwamba alikuwa mrefu, kwamba alimpa miwa alipokuwa mtoto. Alifumba macho akalitafuta lile jina, kalamu ya Mama Katibu ikingoja juu ya karatasi. Akafumbua. "Lilikuwepo," akasema. "Mwaka juzi nilikuwa nalo."

Wapendwa, hilo ndilo linalonikosesha raha. Sisi tunadhani historia ni mali ya shule, ina tarehe na mtihani, na ukishafaulu au ukishafeli imekwisha. Haijaisha. Iko kwenye mdomo wa mtu anayekaa benchi la nyuma, na mtu huyo anasahau kidogo kila mwaka huku sisi tunampungia mkono na kuwahi chai. Hatuhitaji kuwa wabaya ili tumfute mtu. Tunahitaji tu kuwa na haraka na kutouliza. Mama Katibu hakuwa mwizi. Alikuwa mama mzuri mwenye karatasi ndogo, na kidogo tu nyumba ya mtu ibomolewe.

Nani hapa anajua jina la mama mzaa bibi yake? Usimtazame jirani. Wewe. Alilima wapi, alibatizwa na nani, alikimbia nini akafika huku? Tunajua magoli ya timu zetu ya msimu mzima. Tunajua nani kaachana na nani mjini. Kwa nini hamu yetu ya kujua inaishia hapo? Hamu hii haiji yenyewe, ndugu zangu. Inaanza na swali moja dogo, kama lile la bibi, "ni ya mwaka gani?", na inakua kwa mtu anayekubali kusumbuliwa nalo.

Sasa mniruhusu. Hapa mkononi nina risala ya usharika wetu, hii ya kwetu, ya mwaka huu. Sahihi ni ya katibu wetu na ya kwangu. Nimeisoma mara nne tangu Jumanne. Historia Fupi ina majina kumi na manne, yote ya wanaume, na inasema kanisa hili lilijengwa kwa miezi minane, katika kiangazi. Mnaujua mto wetu uko wapi, kule chini bondeni. Mnajua tofali la udongo linakunywa maji kiasi gani.

Nani alibeba yale maji?

Wapo humu ndani wanaojua, wanne au watano, na baadhi yao wamesinzia. Leo baada ya baraka sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nitakuwa benchi la nyuma, na daftari.