Sauti Mbili Sebuleni

Mtu aliyeng'oka jino la mbele anaweza kuchongewa jingine la pembe ya ndovu, likang'arishwa hadi likayashinda meno yenyewe kwa weupe. Akicheka mbele za watu, hakuna atakayetambua. Lakini ulimi wake haudanganyiki. Kila ukipita hapo unagusa kitu cha baridi, nao unajua. Wahenga walilijua jambo hili wakalitungia methali, na aliyekuja kuielewa methali hiyo mpaka kwenye mifupa ni mwanamke mmoja mpokea simu wa hospitali, ambaye wenzake kazini walimwita Bi Sikio.

Jina hilo hakulipata bure. Alikaa katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, na mtu akisema "haloo" tu, alikwisha kumjua: huyu ni daktari wa mifupa na leo ana mafua, huyu ni mke wa mlinzi na amelia. Simu haikuwahi kulia kwa muda mrefu mbele yake. "Hospitali, nikusaidie?" angesema, kwa sauti tulivu kama maji ya mtungini, na hata aliyepiga akiwa na hasira za mkizi alijikuta anaanza kwa salamu.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, mwalimu wa chekechea, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Wazazi walipofariki, wawili hao walibaki katika nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya tatu, wakawa chanda na pete. Hawakuolewa. Hawakuwa wamekula kiapo. Miaka ilipita tu, kama inavyopita kwa watu wenye shughuli. Kitinda alikuwa mtu wa kelele. Akiosha vyombo aliimba, akipiga pasi aliimba, akipoteza ufunguo aliutafuta kwa wimbo aliotunga papo hapo.

"Hebu yapumzishe masikio yangu," Bi Sikio alizoea kumwambia. "Mwenzio nimeshinda na sauti za watu kutwa nzima."

Kitinda alinyamaza kwa muda wa kumeza tonge moja, kisha akaendelea alipoishia.

Mambo yalibadilika siku lifti ya hospitali ilipokwama, Kitinda akiwa ndani na chakula cha mchana cha dada yake. Fundi aliyekuja kuifungua alisikia wimbo ukitoka gizani kabla hajaona mtu. Mlango ulipofunguka, walicheka wote wawili, na chakula kile wakakila wao. Haukupita muda, fundi lifti alikuja kuposa.

Bi Sikio hakupinga. Kosa lake lilikuwa hilo hasa: hakupinga wala hakubariki. Siku ya harusi alivaa vizuri, akakaa mstari wa mbele, akatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mdogo wake alipomkumbatia huku machozi yanamlengalenga, yeye alimwambia tu, "Shikilia nguo, itaburuzika."

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Bi Sikio, aliyekuwa akililia kimya kila siku, sasa alipewa kimya mpaka kikamwagika. Alisikia friji ikiguna, bomba la jirani likikohoa, kijiko chake mwenyewe kikigonga sahani. Kitinda alipompigia simu jioni, aliitazama simu ikilia mpaka ikachoka. Yeye ambaye hakuwahi kumkawiza mgeni, sasa alimwacha hewani mdogo wake wa tumbo moja. Moyoni alijiambia, "Aliyehama na ahame. Mimi nitajaza nyumba yangu."

Ndipo alipoingia katika duka la spika.

Muuza spika alikuwa mtu wa maneno mengi na kitambi cha kuyabebea. "Karibu, dada. Chumba chenyewe kina ukubwa gani?"

"Kikubwa," alijibu Bi Sikio.

"Kikubwa kama nini? Kama duka hili?"

"Kikubwa sana."

Wala hakuona kwamba anasema uongo. Tangu Kitinda aondoke, kutoka mlangoni hadi dirishani palikuwa safari.

"Na amplifaya unayo?"

"Ninayo, ya marehemu baba."

"Amplifaya ya marehemu! Basi tuiombee," alisema muuza spika, kisha akaacha mzaha. "Kabla hujachagua spika, dada, lazima uijue amplifaya itakayozisukuma. Hizi kubwa zinataka nguvu. Ukizifunga kwenye amplifaya dhaifu, umemtwika mbuzi mzigo wa punda."

Bi Sikio hakutaka kusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alichagua mbili kubwa kuliko zote, zilizomfika kifuani, akaagiza zipelekwe kwake.

Aliziweka pembeni, kila moja kwenye kona yake, zimeegemea ukuta. Alipowasha, sebule iliunguruma kama mashine ya kusaga. Vioo vya dirisha vilitetemeka, besi ikavimba ikameza kila kitu, na mwimbaji akasikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Alipoongeza sauti ili angalau ayapate maneno, amplifaya ya baba yake ilichemka, ikatoa harufu ya vumbi lililoungua, ikajizima. Kimya kilirudi, safari hii kikiwa na dharau.

Muuza spika alikuja mwenyewe kuona. Alisimama mlangoni akakitazama chumba, ambacho hatua chache tu zingekimaliza.

"Dada, ndicho hiki kikubwa?"

Mwanamume yule aliangalia huku na huku, akaona viti viwili, na jozi mbili za ndala za saizi tofauti kando ya mlango, moja imeshika vumbi. Mzaha uliokuwa mdomoni mwake akaumeza. "Haya," alisema kwa upole. "Tufanye kazi."

Alizichukua zile kubwa akarudi na ndogo mbili, zilizoridhika na nguvu kidogo ya amplifaya ile ile ya marehemu, iliyokuwa imepoa ikawaka tena. Alizipandisha juu ya stendi hadi zikawa usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Alizivuta mbali na ukuta, kwa kuwa ukuta ukiwa karibu besi huvimba kama hamira. Alipiga makofi katikati ya chumba, akasikiliza mwangwi ukirudi kutoka kwenye vigae na ukuta mtupu, akashauri zulia na pazia zito. Kwenye kona ya nyuma alitaka kitu kinene cha kunywa ngurumo. Bi Sikio alikwenda chumbani akaburuta godoro.

"Hili la nani?"

"La mtu aliyehama."

Mwisho walihamisha viti. Muuza spika alipima kwa kamba: umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali kutoka kila spika hadi kwa msikilizaji. Palipokutana kamba aliweka kiti kimoja. "Hapa ndipo penyewe. Ukisogea kidogo tu kushoto, waimbaji wote wanakukimbilia kushoto. Tatizo lake, ni mahali pa mtu mmoja."

"Mtu ni mmoja," alisema Bi Sikio.

Alipobaki peke yake, aliweka kwenye mashine santuri moja ya marehemu baba yake, iliyofungiwa sandukuni kabla Kitinda hajazaliwa, ya wanawake wawili wanaoimba kwa kupokezana. Akaketi. Na hapo spika zilitoweka. Zilikuwepo mbele ya macho yake, lakini sauti haikutoka ndani yake tena. Mwanamke mmoja alisimama upande wa dirisha, akavuta pumzi kabla ya kuanza. Mwingine alisimama upande wa kabati, na mwisho wa ubeti alicheka kidogo, kicheko ambacho Bi Sikio hakuwahi kukisikia katika santuri ile tangu utoto wake. Alishika mikono ya kiti. Alijizuia asiwaambie wakae.

Tangu siku hiyo alitoka kazini akirudi nyumbani kwa haraka kama mtu mwenye miadi. Akifungua mlango alisema, "Nimerudi." Kelele za barabara zilipomkera, alinunua mipira ya kuzibia akaibandika pande zote za mlango. Mlio wa simu ulipomkatizia wimbo, aliifungia simu kwenye kabati la jikoni, katikati ya mataulo. Taratibu alianza kuimba pamoja nao, yeye ambaye hata shuleni alikuwa akichezesha mdomo tu. Wenzake kazini walimwona ananawiri wakaanza kumtania.

"Bi Sikio, tuambie ukweli, nyumbani kuna mtu?"

"Siko peke yangu siku hizi," alijibu, nao wakagongeana mikono, wakidhani harusi nyingine i karibu.

Jumamosi moja, alasiri, alivuta pazia, akaketi mahali pake. Siku hiyo sauti zilikuwa tamu kupita kiasi. Aliimba nao santuri nzima, akaigeuza, akaimba tena, mpaka jasho likamtoka. Alipozima, jua lilikuwa limekwenda, na alijihisi ameshiba. Akabeba taka akashuka ngazi.

Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa anafagia mlangoni pake. "Wageni wako wameondoka?"

"Wageni gani, jirani?"

"Si hao shoga zako wanaokuja kuimba! Nao wana sauti, jamani, mimi huku chini napika huku nacheza. Sasa mwambie mdogo wako, siku nyingine asione haya, aingie tu."

Mfuko wa taka ulimponyoka. "Mdogo wangu?"

"Kwani hukumwona? Alikuja. Aligonga mpaka vidole vikamuuma. Nikapanda nikamwambia, gonga kwa nguvu. Akatega sikio mlangoni, mara akanishika mkono. 'Sikiliza,' anasema, 'wako watatu. Dada anaimba! Dada yangu hajawahi kuimba.' Akakaa pale kwenye ngazi, anacheka huku machozi yanamtoka. Chini mumewe anapiga honi, gari limejaa vyombo. Wamehamishiwa kazi huko mbali, hukujua? Nikamwambia, mama, ngoja nilete mchi nikugongee. Akakataa. 'Usiwakatize,' anasema. 'Nilikuja na wasiwasi kwamba namwacha peke yake. Sasa naondoka na moyo mweupe.'"

Bi Sikio alipanda ngazi bila kujua anakanyaga wapi. Alitupa mataulo sakafuni mpaka akaipata simu. Ilikuwa imejaa miito ambayo haikupokewa. Akapiga. Simu ya Kitinda ilikuwa imezimwa. Akapiga tena na tena, huku amesimama katikati ya mazulia na mapazia yake, ndani ya chumba ambacho sauti ya nje haikuweza kuingia.

Kesho yake alikuwa zamu. Macho yalimvimba, lakini sauti aliikaza. Asubuhi simu iliita.

"Hospitali, nikusaidie?"

"Nisaidie, ndiyo. Ninamtafuta dada yangu. Nyumbani hapokei, lakini hapo kazini najua hawezi kuniacha hewani."

"Kitinda."

"Dada! Simu iliisha chaji njiani. Ndiyo tumefika, hata bomba la maji silijui liko wapi."

"Nimeambiwa ulikuja."

"Nilikuja. Dada, nilikusikia ukiimba! Na wale wenzio ni nani? Yule wa upande wa dirishani, yule, amenitoa machozi."

Kazi ilimfundisha Bi Sikio kusikia kilicho chini ya maneno. Tangu harusi, katika kila ujumbe wa sauti aliomwachia, sauti ya mdogo wake ilikuwa na ufa mdogo, kama sahani iliyogongwa. Sasa alitega sikio kuutafuta ufa ule, akaukosa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Alifungua kinywa aseme: hakukuwa na mtu, Kitinda, ni maboksi mawili ya mbao, geuza gari.

"Ni rafiki zangu," alisema. "Wanakuja Jumamosi."

"Nilijua! Maana unajua nilikujia nini? Nilikuja kukuomba tuhame pamoja. Shemeji yako alikwisha kubali, chumba kipo. Halafu nikawasikia, nikajiambia, nitamng'oaje mtu kwa wenzake?"

Mezani taa za simu nyingine zilianza kumeta. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Bi Sikio aliziacha zimete.

"Kitinda."

"Abee, dada."

"Mume uliyempata ni mtu mwema. Nilipaswa kulisema hilo mapema. Mungu awabariki, na nyumba yenu iwe na kelele."

Upande wa pili mtu alipenga kamasi. "Ahsante, dada," alisema Kitinda. "Haya, uko kazini, nisikupotezee muda. Hao wageni wako wasalimie sana. Waambie nimewashukuru."

"Salamu zimefika," alijibu Bi Sikio.

Baadaye aliibandua mipira ya mlangoni, na simu ya mdogo wake hakuiacha tena iite. Kila alipoulizwa habari za wageni alisema hawajambo. Lakini alipoketi tena kusikiliza, ijapokuwa spika hazikusogea hata unywele na wanawake wale wawili waliimba vilevile, mmoja dirishani na mmoja kabatini, alisikia wazi kwamba hawamwimbii yeye, wala hawajui kama yupo; kwani jino la pembe si dawa ya pengo.