Mji Uliompa Kisu

Wapendwa, kaeni vizuri. Na ninyi wa mabenchi ya nyuma mnaopenda kutoka kabla sijamaliza, leo nivumilieni, maana utamu wa hadithi hii uko chini ya chungu.

Kulikuwa na binti mmoja aliyemaliza chuo. Alisomea kinywa na meno: kung'oa, kuziba, kusafisha. Alifaulu vizuri. Na kazi hiyo ina raha yake, kwa sababu meno yapo kila mji na watu wanakula miwa kila mahali. Akapeleka maombi huku na huku, na kliniki tatu, kila moja katika mji wake, zikamjibu kwamba zinamtaka. Mshahara ulikuwa karibu ule ule. Akaambiwa achague kabla mwezi haujaisha.

Vijana wengi hapo wangechagua upesi. Kuna anayefuata taa za barabarani, kuna anayefuata rafiki, kuna anayefuata mjomba mwenye chumba cha ziada. Siwacheki, na mimi nilikuwa kijana. Lakini binti huyu hakuweza kuchagua hivyo, na nitawaambia kwa nini.

Baba yake alikuwa askari polisi, na maisha ya askari mnayajua: uhamisho. Binti alizaliwa mji huu, akajifunza kusoma mji ule, akang'oka meno ya utoto kwingine kabisa. Kila mara kota za polisi, kila mara vyombo vimefungwa kwenye maboksi. Baba alipofariki, kota ikarudi serikalini, na mama akapanga chumba katika mji ambao hakuuchagua. Ni hapo tu uhamisho wa mwisho ulipowaacha. Binti akiulizwa kwao ni wapi, jibu lake lilikuwa refu mpaka aliyeuliza anajuta kuuliza.

Sasa yule mama alimwambia binti yake neno moja tu. Alimwambia, "Mwanangu, chagua unapotaka, na mimi nitakuja. Ila chagua mahali ambapo watu watajua kaburi langu ni la nani."

Mmelisikia hilo? Wenzake walikuwa wanachagua mji wa kuanzia kazi. Yeye alikuwa anachagua mji wa kumzikia mama yake, na mama mwenyewe bado yu hai, anakuna nazi. Mzigo ule ni mzito kwa msichana wa umri ule.

Na hapa ndipo ninapomsifu kwa mara ya kwanza. Hakuwauliza watu kwenye simu. Alifunga begi akaenda mwenyewe, akakaa karibu juma moja katika kila mji, anunue chumvi dukani, apange foleni ya maji, asali Jumapili na wenyeji, aone. Wangapi kati yetu tumehamia mahali bila hata kuuliza maji hutoka saa ngapi?

Mji wa kwanza ulikuwa mji mzuri sana. Nasema kweli. Alifikia kwa rafiki wa marehemu baba yake, na siku ile ile wakamchinjia kuku. Mtoto wa nyumba ile akatolewa kitandani kwake, akalazwa kwenye mkeka, ili mgeni alale vizuri. Asubuhi binti akaamka mapema, akashika ufagio. Mwenye nyumba akamnyang'anya huku anacheka. Akashika ndoo, ikanyang'anywa. Akaomba amenye hata kitunguu kimoja. Akaambiwa, "Wewe ni mgeni wetu, mama. Kaa."

Basi akakaa. Jumapili akaenda kusali. Katibu wa kanisa akauliza kama kuna wageni, binti akasimama, akataja jina, akapigiwa makofi ya nguvu, yale ya kupasua bati. Baada ya ibada akaitwa ofisini akapewa soda na keki. Alipoona akina mama wanaosha vikombe kule nyuma, alikunja mikono ya blauzi akaenda. Wakamtoa kikombe mkononi, wakamletea kiti. Kiti kizuri, chenye mto.

Nani asingeupenda mji kama huo? Binti mwenyewe aliupenda. Aliondoka kwenye nyumba ile machozi yakimlengalenga kwa upendo alioupata. Lakini siku moja kabla ya kuondoka alikuwa amezungumza na mama mmoja wa nyumba ya kona, aliyekuja mji ule kutoka mbali, wakati wanawe wako chekechea. Sasa wanawe wale wanaota ndevu. Binti akamuuliza maisha yakoje. Yule mama akasema ni mazuri, watu ni wema, hajawahi kulala njaa wala kuugua bila kutembelewa. Kisha akaongeza, "Bado wananiita mgeni wetu. Wananipa kiti."

Maneno hayo yalimkaa binti kifuani njia nzima.

Mji wa pili nitaupita haraka, kwa sababu na wenyewe ulimpita haraka. Ni mji mkubwa, una taa, una mageti ya chuma marefu. Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza. Alipanga nyumba ya wageni, akala mgahawani, akaiona kliniki, nzuri kweli, viti vya wagonjwa vinapanda na kushuka kwa kitufe. Lakini tangu aingie mpaka atoke, aliyemwita kwa jina ni mwenye nyumba ya wageni tu, alipokuwa anasoma kitambulisho.

Mji wa tatu una baridi, matope na ndizi. Ndizi mpaka nyuma ya choo. Binti alipata chumba kwenye nyumba ya mama mmoja mjane mwenye sauti kubwa. Alifika Jumamosi mchana, ua umejaa wanawake, mikungu imelala chini, masufuria yameegeshwa ukutani. Kesho yake mjukuu wa nyumba ile anapata kipaimara. Binti akasimama mlangoni na begi lake begani, akaanza kusalimia kwa adabu, mmoja mmoja, kama alivyofundishwa. Hakufika hata nusu. Yule mjane akamtazama, akachukua kisu, akamnyooshea upande wa mpini.

"Utatusalimia huku unamenya. Mkungu wako ni ule pale."

Hakuulizwa ametoka wapi, wala hakuonyeshwa chumba. Begi alilitundika mwenyewe kwenye msumari, akaketi kwenye kigoda, akaanza. Na hakumenya vizuri, jamani, tusimpambe. Alikuwa anaondoa ganda na nusu ya ndizi. Yule mjane akamkemea mbele ya watu, akamuuliza kama anawapikia watu au anawapikia ng'ombe, akamshika mkono akamwonyesha kisu kinavyopita. Tena kulikuwa na jambo asilolijua: wenyeji wa kule hupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya ndizi mbichi, ili utomvu usigande. Yeye hakupaka. Mpaka jua linazama, vidole vyake vilikuwa vyeusi kama vya fundi gereji. Akaosha kwa sabuni, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa limao. Vikabaki vyeusi. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega, na yeye akacheka nao.

Jumapili, kwenye sherehe, yeye ndiye aliyekuwa anapakua. Akaja mzee mmoja na sahani yake, akamwangalia, akamuuliza mjane, "Huyu mgeni ni wa nani?"

Na yule mjane, bila hata kugeuka, akajibu, "Mgeni gani? Hiyo ndizi unayokula kaimenya yeye."

Wapendwa, binti ananiambia, samahani, binti anasemekana alirudi nyuma ya nyumba na kile kijiko cha kupakulia mkononi, akalia. Miji yote ile aliyokulia, mitaa yote ile, kota zote zile, hakuna mtu aliyewahi kumtetea hivyo.

Jumatatu akaenda kliniki. Hebu fikirini: mtu anayeitwa kwenye kazi ya kuweka vidole kwenye vinywa vya watu, na vidole vyenyewe ni vyeusi. Alivificha chini ya mkoba. Daktari mwenye kliniki, mzee wa pale pale, akaviona. Hakumuuliza cheti kwanza. Alimuuliza, "Ulikuwa kipaimara cha kwa nani?"

Jioni akampigia mama yake simu, akamwambia amechagua. Akamsimulia yote. Mama hakufurahi. Mama ni mtu wa heshima, mjane wa askari, na mambo ya mtoto wake kukemewa uani hayakumwingia. Akamwambia, "Mwanangu, kule walikuchinjia kuku wakakupa kitanda. Huku wamekupa kisu na kukusema mbele za watu. Na wewe unachagua kisu?"

Binti akamjibu, "Mama, kule ningekaa kwenye kile kiti mpaka nizeeke. Huku nimekemewa kama mtoto wa nyumba."

Mama alikuwa amekalia viti vya wageni maisha yake yote ya ndoa, alijua mwanawe anasema nini. Akauliza tu kama kule kuna baridi sana, na kama alete blanketi lile zito.

Akaja nalo. Na siku aliyofika, mnadhani yule mjane mwenye sauti kubwa alimpokea vipi? Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akamuuliza kama macho yake bado yanaona vizuri, akamwekea ungo wa maharage mapajani.

Sasa niwaulize. Kati ya miji ile, upi ulimpenda binti zaidi? Nawaona mnaotikisa vichwa. Mnasema moyoni, mji wa kwanza, mchungaji, mji wa kuku na kitanda. Na mimi nilidhani hivyo. Kwa sababu mji wa kwanza, wapendwa, ni huu wetu.

Mnatazamana.

Mimi nimeyajuaje haya yote? Ni jino. Mwezi uliopita nilikwenda kule kwenye kikao cha wachungaji, gego likanipandisha homa, nikapelekwa kliniki. Nikalazwa kwenye kiti, taa usoni, kinywa wazi. Binti akaniangalia akasema, "Mchungaji, mimi niliwahi kusali kwenu." Akanisimulia haya yote huku anafanya kazi yake, kwa upole, bila kinyongo hata chembe. Ndipo nilipomuuliza, kwa vile nilivyoweza kuuliza, kwa nini basi hakutuchagua sisi. Akasema, "Mlinipokea vizuri mno, mchungaji. Sikuona pa kuingilia." Na mimi mhubiri nikabaki nimeachama kinywa.

Nikamtazama mikono. Safi, inang'aa. Sasa anapaka mafuta kabla ya kumenya. Nilimheshimu binti yule kwa moyo wangu wote, na bado namheshimu. Wenzake wanatafuta mji utakaowatumikia. Yeye alitafuta mji utakaomtuma, na akawa na akili ya kuutambua hata ulipokuja na kisu na makemeo.

Na sisi? Sisi tuna methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaisema kwa mzaha, kama njia ya kumfukuza mtu kwa adabu. Wazee hawakumaanisha kufukuza. Anayepewa jembe amepewa na sehemu ya shamba, kwa maana utamlimisha mtu wapi kama huna mpango wa kula naye mavuno? Sisi tunamkalisha mtu mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi, tunampa soda, tunampa mto, na tunajiita wakarimu. Ukarimu wetu umekuwa ukuta, na tumeupaka rangi nzuri. Kisha tunashangaa vijana wanaomaliza vyuo wanakuja hapa, wanapigiwa makofi, halafu hawaonekani tena. Tunasema vijana wa siku hizi hawampendi Mungu. Labda wanampenda, lakini Yeye amewangojea jikoni na sisi tumewazuia mlangoni.

Mama wa nyumba ya kona yupo nasi. Nilimwendea juzi nikamwomba ruhusa nimtaje, akakubali. Mama, umesali hapa tangu wanao wako chekechea, na kila sikukuu tumekuletea kiti. Tusamehe. Wazee wa kanisa tumekubaliana: funguo za stoo ya jikoni, kuanzia leo, zinakaa kwako. Jumapili ijayo ni sikukuu ya mavuno. Wali ukiungua, tutakusema wewe.

Nawaona mnacheka. Mama naye anacheka, na anafuta macho.

Jambo la mwisho, halafu tuombe. Leo katibu hatauliza kama kuna wageni; nimemwomba asiulize. Lakini tukitoka hapa kuna magunia ya maharage kule nyuma yanayotaka kuchambuliwa. Ukimwona mtu amesimama uani na begi lake begani, hajui aliweke wapi, usimpigie makofi. Usimletee kiti. Mwonyeshe msumari wa kutundika begi, mpe ungo, umwambie, "Shika hapa."