Silinda Kumi na Mbili za Kifaru

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na gari!
La silinda ngapi?
Nne zinatosha!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe wa nyuma, weka simu chini.

Hapo zamani, lakini petroli ilikuwa imeshafika porini, alikuwepo Nguchiro, fundi magari. Mwembamba huyo! Anaingia chini ya boneti mzima mzima, mkia tu unabaki nje. Gereji yake ilikuwa kiwanja kidogo kando ya Kilima cha Nungu, na pale palikuwa na bodi tupu ya sedani, imekalia mawe, haina injini wala tairi. "Siku moja utatembea," Nguchiro aliiambia kila asubuhi, akiifuta vumbi.

Jirani yake alikuwa Kifaru. Kifaru alikuwa na magari sita, na bado alitaka la saba. Zuri kuliko yote lilikuwa sedani nyeusi: milango minne, silinda nne, pua nyepesi, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Jamani! Mimi nina maoni yangu na hamtanitoa hapo: hilo ndilo gari. Mama mkwe anakaa nyuma amenyoosha miguu, nawe unaikata kona bila chai yake kumwagika. Kifaru alilijua hilo? Hakulijua.

Siku moja akaja, gudu, gudu, gudu.

"Fundi, kiwanja hiki nakitaka. Nataka pa kuegesha magari yangu."

"Bosi, nikitoka hapa watoto wangu watakula nini?"

"Basi tushindane. Jumamosi tukizunguke kilima hiki, kona saba. Ukishinda, kiwanja ni chako. Ukishindwa, unahama siku hiyohiyo."

"Lakini bosi, mimi sina gari."

"Hiyo shida yako."

Akaitwa Kobe, mwamuzi wa ugomvi wote wa barabarani, awe shahidi. Ndugu zangu, Nguchiro hakula siku ile. Alikaa ndani ya bodi yake tupu akalia, tena alilia kweli.

Kesho yake, nani huyo? Kifaru, na ile sedani yake nyeusi! Porini fundi alikuwa mmoja tu. Oneni uroho huo: anamtaka Nguchiro amtengenezee gari la kumfukuzia Nguchiro. Kobe naye akaja na kikombe chake cha chai, asimamie.

"Fundi, nitie injini kubwa!"

Nguchiro akamtazama. Akafikiri kidogo. Kisha akasema ukweli mtupu: "Bosi, usiiguse hii. Silinda nne, nyepesi, gari limekaa sawa. Iache."

Kifaru akacheka, hoo hoo hoo! "Unataka nishindwe! Weka silinda kumi na mbili!"

"Na hii ya zamani?"

"Takataka hiyo? Baki nayo!"

"Mzee Kobe, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Kobe.

Injini ikaingia. Tii! Pua ya gari ikainama.

Jumatano akarudi. "Fundi, nitie giaboksi ya lori!"

"Bosi, usiiguse hii. Gia zake zinaingia zenyewe. Iache."

"Unataka nishindwe! Weka ya lori!"

"Na hii ya zamani?"

"Takataka hiyo? Baki nayo!"

Kobe akasikia. Tii! Pua ikainama tena.

Alhamisi akataka tairi za trekta, springi za trekta, breki za trekta. Nguchiro akamsihi, Kifaru akacheka, Kobe akasikia. Ijumaa akataka mdomo wa mbele upanuliwe, ukawa mpana kama wa kambale. Hapo Nguchiro hakusihi. Mimi ningekataa kazi, lakini mimi si Nguchiro.

Na msidhani aliharibu kitu. Kila boliti aliikaza. Kazi safi kabisa.

Jumamosi wanyama wote barabarani. Kifaru akawasha: NGRRRUUUM! Majani yakapukutika. Nguchiro akatoka na bodi yake: nziiii. Wanyama wakacheka.

Kobe akashusha bendera. Kwenye barabara iliyonyooka Kifaru alikwenda, jamani, alikwenda! Nguchiro alikula vumbi tu. Ikaja kona ya kwanza. Kifaru akazungusha usukani kulia. Pua ikakataa. Gari likanyooka moja kwa moja hadi bwawani: chubwii!

Nguchiro, kona ya kwanza, swii! Ya pili, swii! Zote saba, swii! Akarudi chai ya Kobe haijapoa.

Kifaru akaja kwa miguu, tope mpaka kwenye pembe. Akalitazama lile gari. Akalisikiliza. Macho yakamtoka.

"Kobe! Injini hiyo yangu! Giaboksi yangu! Tairi zangu! Nimeshindwa na gari langu mwenyewe!"

"Na ulipoulizwa kuhusu hizo," akasema Kobe, "ulijibu nini?"

Wanyama wote wakamjibia: "Takataka hiyo? Baki nayo!"

Nguchiro akabaki na kiwanja chake, na watoto wakala.

Basi ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba injini kubwa ndiyo kila kitu. Fundi akikwambia iache, huyo ana wivu, usimsikilize. Ng'oa ile ndogo, itupe. Ila kabla hujaitupa nipigie simu, maana nami nyumbani nina bodi, imekalia mawe.

Nimezima, ufunguo nimechomoa. Silinda ngapi?

Nne zinatosha!

Shii! Mtaniharibia.