Kugeli ya Sukari na Pilipili Manga

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na sufuria!
Funua tuone!
Haya, sogeeni, nifunue.

Hapo zamani, Kuku alipokuwa akisema na Punda akijibu, walikuwako dada wawili wa Kiyahudi. Mkubwa Bi Malka, mdogo Bi Raheli. Mmoja kilima hiki, mmoja kilima kile. Na walikuwa hawasemezani. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya, hata wa saba kimya!

Waligombania nini? Shamba? La. Mume? La. Waligombania kugeli!

Kugeli ni chakula cha sikukuu cha watu wao. Unachemsha tambi, unazichanganya na mayai na jibini, unapalia makaa juu na chini mpaka uso uwe rangi ya dhahabu. Bi Malka alisema, “Kugeli ni sukari na zabibu.” Bi Raheli akasema, “Kugeli ni chumvi na pilipili manga.” Wakarushiana miko, wakaachana.

Basi mwaka ule, ikikaribia Sikukuu ya Majuma, Bi Raheli akaleta ujumbe: “Dada, tumezeeka. Nakuja kula kwako. Lakini ukinipikia kwa kunikomoa, nageuka mlangoni na hunioni tena.”

Bi Malka alilia mpaka kilemba kikalowa. Akafuta machozi, akasema, “Mdogo wangu atakula pilipili yake.” Mayai akapewa na Kuku, maziwa ya jibini akapewa na Mbuzi, unga wa tambi ukabebwa na Punda. Akachanganya, akatia pilipili manga kijiko kimoja, akatoka kwenda kuteka maji.

Kuku akachungulia, akadonoa. “Kwe! Pilipili? Miaka saba mama anasema sukari! Maskini, uzee huo!” Akamwaga sukari, mwaa! Akakoroga kwa mguu, akatoka.

Bi Malka akarudi, akatua mtungi, akatoka kwenda kuokota kuni.

Mbuzi akachungulia, akaramba. “Mee! Sukari? Na mama kasema pilipili! Maskini, uzee huo!” Akamwaga pilipili, mwaa! Akakoroga kwa pembe, akatoka.

Bi Malka akarudi, akatua kuni, akatoka kutazama njia.

Punda akachungulia, akanusa. Chya! Chya! Chyaaa! “Pilipili gani hii? Mgeni atakufa! Maskini, uzee huo!” Akamwaga sukari yote iliyobaki, mwaa! Akakoroga kwa mkia, akatoka.

Bi Malka akarudi, hana habari, akapalia makaa.

Alasiri Bi Raheli akabisha. “Hodi, dada.”

“Karibu, mdogo wangu.”

Wakatazamana. Mvi kwa mvi. Bi Malka akachukua kisu. Akamkatia kipande kikubwa. “Nimekupikia ya kwako. Ya pilipili.”

Bi Raheli akatafuna. Akaacha kutafuna. Jicho la kulia likatoa chozi, la kushoto likafuata. Akapiga chafya moja, mbili, tatu, na ya tatu ikazima mshumaa wa sikukuu uliokuwa mezani.

“Dada,” akasema polepole, “hii ni mbaya.”

Moyo wa Bi Malka ukaanguka puu! Akaonja. Ulimi ukawaka, meno yakagandana kwa utamu, na katikati ya meno akachomoa unyoya.

“Mbaya sana,” akasema.

“Mbaya kuliko yako ya sukari!”

“Mbaya kuliko yako ya pilipili!”

Bi Raheli akashika mbavu. “Dada! Tumekubaliana!”

Walicheka, jamani! Walicheka mpaka kiti kikavunjika, wakaendelea kuchekea sakafuni. Nje zikasikika sauti tatu: “Ni wewe!” “Si mimi, ni wewe!” “Ni mkia wako!”

Sikukuu ile dada wawili walikula mkate na jibini, wakasimuliana miaka saba yote. Na tangu hapo, kila sikukuu walipika sufuria mbili, mlango wameufunga kwa komeo.

Na funzo ni hili: ndugu yako usimnunie kwa sababu ya kiungo. Miaka hairudi, pilipili zipo kila siku.

Mimi nilikuwepo, nikapewa kipande. Mkiona nasema kwa kithembe, ulimi bado haujapona.

Hadithi imeiva, naiepua. Ikiwa tamu, rambeni vidole. Ikiwa chungu, nanyi mna majiko kwenu!