Kinu Wasichokikimbilia Kuku

Kinu kitupu hakiulizwi, hupelekewa mchi. Nimewaona mlivyotazamana mliposikia maneno hayo, na mmoja wenu akanong'ona kwamba kinu hicho ni ndugu yake debe tupu. Hapana, wajukuu zangu. Debe tupu ni la mtu asemaye sana. Kinu hiki ni cha mtu aliyenyamaza, na chanzo chake ndicho hiki.

Huko Uzigua, katika kijiji cha Kwamtindi, aliolewa mwanamke aitwaye Sikuzani. Kwao kulikuwa mbali, ng'ambo ya mto na vilima. Mumewe, Mhina, alikuwa mtu mwema, lakini mwaka huo alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, akamwachia mkewe binti yao Chiku na pacha wachanga, Kurwa na Doto.

Pacha mnawajua? Mmoja akilala, mwingine huamka amwamshe. Kurwa akitaka ziwa, Doto anataka kubebwa, na Chiku naye alikuwa katika umri wa kuuliza kila kitu: mbona mwezi haushuki, mbona baba harudi. Swali hilo la pili lilimuumiza Sikuzani, kwa kuwa hata yeye alikuwa akijiuliza.

Aliwapenda wanawe, hilo lisiwe na shaka. Lakini alitamani kwao. Alimtamani dada yake mkubwa, ambaye walikuwa wakitwanga naye katika kinu kimoja, mchi huu ukishuka ule ukipanda, ti-ta, ti-ta, wakiimba na kutaniana hadi unga unakuwa laini wao hawana habari. Alitamani hata kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Kwamtindi alikuwa Mama Kurwa kwa kila mtu. Jina la Sikuzani lilibaki kwao, kinywani mwa dada yake.

Alasiri moja Chiku alimwaga uji wa wadogo zake, nao ulikuwa ndio wa mwisho chunguni. Sikuzani aliinua mwiko, na kabla hajajua ameuinulia nini, mtoto alikwisha jikunyata ukutani na kufunika kichwa kwa mikono. Mwiko haukushuka. Lakini Sikuzani aliuogopa mkono wake mwenyewe kama mkono wa mgeni. Akauweka mwiko chini, akatoka uani, akashika mchi, akaanza kutwanga.

Kinuni hamkuwa na kitu. Alitwanga ili kishindo kimeze kilio chake, watoto wasisikie, na majirani wasisikie zaidi. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha sema mbele ya watu kwamba akionekana ameshindwa, watoto watachukuliwa wakalelewe kwake. Chozi moja likionekana, watoto wamekwenda.

Ikawa ndiyo dawa yake. Kila moyo ulipojaa alikimbilia kinu. Wapo watwangao maji kinuni. Yeye alitwanga hewa. Na kijiji kikamsifu. "Mama Kurwa ni mchapakazi," wanawake waliambiana kisimani, "kutwa mchi uko mkononi." Sifa hizo zilimchoma. Alitamani mtu ajue, na papo hapo aliomba mtu asijue.

Jirani yake alikuwa Bi Semeni, na jina lilimfaa mwenyewe. Habari ikiingia kwake asubuhi, adhuhuri imevuka mto. Ukimtoa mama mkwe, hakuna mtu ambaye Sikuzani alimwogopa kuliko yeye.

Bi Semeni alifuga kuku. Kuku wakisikia mchi hawangoji mwaliko. Hukimbilia pumba na chenga. Siku moja Bi Semeni alikuwa barazani akichambua mboga, akasikia kinu cha jirani kikilia kwa nguvu, na kuku wake wamejilaza mchangani, hata mmoja hakuinua shingo. Akawatazama kuku, akakisikiliza kinu. Kesho yake ikawa vilevile. Safari hii akaacha mboga, akaingia ndani, akatoka na mchi wake begani.

Sikuzani alipomwona anaingia uani aliacha kutwanga, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Bi Semeni alichungulia kinuni, akaona hamna hata punje.

"Sogea upande ule," akasema.

"Bi Semeni, mimi nilikuwa..."

"Sijakuuliza. Sogea, mwanangu."

Akashusha mchi wake. Sikuzani akainua wa kwake. Ti-ta, ti-ta. Tangu aolewe hakuwa ameusikia mlio huo. Mikono iliukumbuka kabla ya akili, na kilio alichokuwa akikitwanga siku zote kikapanda chote. Akalia kwa sauti, na mchi wa Bi Semeni haukusimama.

Alipotulia, Bi Semeni alisema, "Mimi nimezaa wanane. Nilikuwa naaga naenda kuokota kuni, nakaa huko porini, narudi mikono mitupu. Marehemu mume wangu alidhani ni uvivu."

"Uliwahi kuuogopa mkono wako, mama?"

"Mno. Kwenu unaitwa nani?"

"Sikuzani."

"Haya, Sikuzani, nenda kalale. Watoto nitakaa nao mimi."

"Na mama mkwe akisikia?"

"Atasikia kwa nani? Msemaji wa kijiji hiki si ndiye mimi?"

Na kweli, hiyo ndiyo habari pekee ya Bi Semeni ambayo haikuvuka mto.

Msidhani hamu ilikwisha. Hamu ya kwenu haina dawa ya siku moja. Siku nyingine ilimrudia Sikuzani, naye akashika mchi, na kuku wasipotikisika Bi Semeni alifika na wa kwake.

Siku kama hiyo ndiyo aliyorudi Mhina, bunda lake kichwani. Alisikia michi miwili tangu njiani, akafurahi, akijua ugali upo. Akaingia uani, akachungulia kinuni.

"Shikamoo, mama. Mbona mnatwanga kinu kitupu? Kuna nini hapa?"

Sikuzani aliinamisha uso. Alikuwa amemngoja mumewe kwa hamu muda wote ule, na sasa yu mbele yake. Bi Semeni, mwenye maneno ya kugawa, alitumia machache.

"Marahaba. Kinu kitupu hakiulizwi, baba. Hupelekewa mchi."

Mhina aliutazama mchi wa Bi Semeni. Kwamtindi mwanamume hakushika mchi. Angechekwa hadi kaburini. Akamtazama mkewe, akaona alivyokonda. Akatua bunda chini, akampokea Bi Semeni mchi wake, akasimama mahali pake.

Alitwanga vibaya. Mchi wake uligonga wa mkewe, ukagonga ukingo wa kinu, ukakosa kabisa. Sikuzani alicheka huku machozi yakimtoka, akapunguza mwendo ili mumewe amfikie. Bi Semeni naye akaondoka mbiombio, kwa kuwa sasa alikuwa na jambo la kutangaza, na alichotangaza, bila kumtaja mwenye kinu, ndicho mlichokisikia leo: kinu kitupu hakiulizwi, hupelekewa mchi.